Kopo Nyuma ya Maziwa

Turffontein, Johannesburg
24 Februari 2018

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nipelekee shikamoo nyingine kwa Bibi, na umwambie kanga zake zimefika salama, nimezitandika juu ya sofa la kuazima na sasa chumba kizima kinanukia nyumbani. Baba mwambie safari ilichukua siku nne na miguu ikavimba, lakini nimefika na kila kitu isipokuwa ule mfuko wa dagaa. Ofisa wa mpakani aliunusa, akaona bora abaki nao yeye.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu ya nyumbani unaijua. Nikipiga, Baba anaiweka mezani kwa sauti ya juu na nyumba nzima inaizunguka, mpaka wapangaji. Ninayotaka kukuambia wewe siwezi kuyasema mbele ya Baba! Kuna mfanyabiashara anaitwa Mussa, ananunua mablanketi huku na kuyapeleka Dar kwa basi. Amekubali kuwa posta yetu.

Shangazi, nina furaha mpaka naona haya. Burhani akinitazama nasahau nilikuwa nasema nini. Tumepanga chumba cha uani kwa Mama Jeannine, Mkongo wa Lubumbashi, msusi, Mkristo wa kanisa la kuimba usiku kucha. Jumamosi vipaza sauti vya uwanja wa mbio za farasi vinapiga kelele hadi kwetu, na Burhani ananiambia eti wale watu wanashangilia uzuri wangu. Jumapili ya kwanza alinipeleka Fordsburg, akaninunulia ushungi wa rangi ya zambarau, akanifunga yeye mwenyewe mbele ya muuzaji. Muuzaji akasema, "Eish, bado wapya hawa." Nilitamani ardhi inimeze, na hapo hapo nilitamani aseme tena.

Yuko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa madini, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba wanafunzi Waislamu wamemchagua kuwa amiri wao. Chumba chao cha swala kiko chini ya maktaba ya chuo: zulia la kijani, pazia la kututenga wanawake, rafu ya viatu, friji dogo la tende na maziwa. Wamo Wasomali, Wamalawi, watoto wa Wahindi wa Fordsburg, Wazulu waliosilimu mwaka jana. Aliyefika mjini hana pa kulala anaanzia kwa Burhani. Aliyefeli analia kwa Burhani. Mtihani ukipangwa saa ya swala ya Ijumaa, Burhani ndiye anayebeba barua ofisini. Anatoka kabla ya alfajiri kwenda kukifungua chumba, na mimi nabaki nimekumbatia mto wake. Ni msafi ajabu: kila akitaka kula lazima aende chooni kwanza na begi lake, akanawe. Shangazi, umeniozesha malaika.

Wako anayekuwaza kila apikapo,
Arafa


Tanga
17 Machi 2018

Mwanangu Arafa,

Marahaba. Bibi naye ameitikia, tena kwa sauti, akidhani uko mlangoni. Jicho lake la kushoto bado lina ukungu. Masika yameanza mapema, maji yameingia kwa akina Mwajuma mpaka godoro likaelea. Baba yako amepata baiskeli tatu za kutengeneza wiki hii na anajiona ana kiwanda.

Barua yako nimeisoma nimefunga mlango. Nimecheka hapo kwa muuzaji wa ushungi, na nimeikunja nikaiweka kifuani. Mungu akuzidishie.

Sasa nisikilize kama ulivyonisikiliza siku zile saba za kukufunda. Mumeo anakula kwa wakati? Anatia kitu tumboni kabla ya kutoka alfajiri? Usimwache akashinda na njaa kwa ajili ya kuhudumia watu. Weka sukari ndani siku zote, na asali ukiipata. Ukimwona anatetemeka, mpe kitu kitamu kwanza, maswali baadaye.

Kwa nini nasema haya usiniulize. Ni mambo ya somo kwa mwari wake ambayo hayakupata nafasi.

Shangazi yako,
Mwanamvua


Turffontein
14 Aprili 2018

Shangazi yangu,

Shikamoo. Poleni na maji. Huku ndiyo kwanza baridi inaingia, asubuhi napumua moshi kama birika. Burhani amenipa sweta lake na silivui hata nikipika, linanuka yeye.

Shangazi, naogopa.

Nianzie wapi? Mama Jeannine alinisuka Jumatatu, akaanza utani wake. "Arafa, bwana yako eko anakonda. Mwanaume akioa, ananona. Huyu wako namna gani?"

Nikamwambia anasoma sana.

"Anasoma? Hata mwanamuke mwingine eko kitabu, mama."

Tukacheka, kwa sababu sijui mwanamke gani angekubali mwanamume anayerudi kila siku na mifuko imejaa maombi ya wanafunzi. Lakini jioni nikamtazama kwa macho ya Jeannine, na kweli, mashavu yameingia ndani. Alhamisi alirudi jasho linamtiririka na nje baridi kali. Mikono inatetemeka. Akanikaripia, yeye ambaye hajawahi kuniinulia sauti: "Kwa nini chakula bado?" Nikakumbuka neno lako, nikamsogezea kopo la sukari. Alikula vijiko vinne vikavu, amesimama nyuma ya mlango, amenigeuzia mgongo. Baada ya dakika kumi alikuwa Burhani wangu tena, amenishika mikono, anaomba radhi karibu alie. Nikamuuliza una nini. Akasema, "Uchovu, Arafa. Uchovu tu."

Jana nilikuwa nafua. Mfukoni mwa suruali yake nikakuta kifuniko kidogo cha plastiki. Kifuniko cha sindano, Shangazi. Ninavijua. Kaka Sefu, enzi zake za unga, alikuwa akiviacha kwenye choo cha Bibi, na Bibi akidhani ni vya peni.

Sefu naye alikonda. Sefu naye alitoka jasho kwenye baridi, akakaripia, akaramba sukari, akaomba radhi. Sefu naye alikwenda chooni na begi. Na tulimzika ana miaka ishirini na mbili.

Huku unga umejaa. Kona ya pili tu kutoka kwetu kuna vijana wanalala wamesimama. Sijamuuliza Burhani. Nikimuuliza na akasema ndiyo, nitafanya nini? Na watu wote wale wanaosimama nyuma yake?

Wewe ndiye uliyemchunguza kabla ya posa. Niambie uliona nini. Mussa anaondoka kesho, nitakuwa nahesabu siku.

Arafa


Tanga
5 Mei 2018

Mwanangu,

Marahaba. Bibi hajambo, jicho vilevile.

Burhani hatumii unga. Lala na neno hilo, amka nalo. Usiniulize nimejuaje. Mimi nilifungwa mdomo, na aliyenifunga ana haki yake.

Muulize mwenyewe. Mkalishe, mshike mkono, mwambie, "Shangazi amesema uniambie." Hayo tu, ataelewa. Na ufanye hivyo kabla ya Ramadhani. Kabla, Arafa, si ndani yake. Mwambie pia kwamba mfungo una ruhusa zake na Mungu hakuziweka ziwe mapambo.

Nampa Mussa barua hii usiku huu huu.

Mwanamvua


Turffontein
22 Mei 2018

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu. Hapa siku ni fupi, saa kumi na moja na nusu jioni tunafuturu. Nimepika tambi, kaimati na uji wa pilipili manga kwa wanafunzi arobaini, na Burhani alisema mbele yao wote, "Mke wangu ndiye amepika." Niliyeyuka nyuma ya pazia.

Jibu lako halijafika. Wanasema Mussa amezuiwa mpakani na mizigo yake. Barua hii nampa mama mmoja wa Korogwe anayerudi leo. Usinipigie simu. Yangu ilinyakuliwa juzi Hillbrow, pale Jeannine anaposukia watu. Kijana aliipokonya kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, akatembea zake bila hata kukimbia.

Sasa sikiliza nilichokiona.

Juzi nilifika mapema kuandaa futari. Nilipokuwa napanga maziwa kwenye lile friji, nyuma kabisa nikaona kopo la plastiki limezungushiwa gundi ya karatasi, limeandikwa B. Nikalifungua. Sindano, Shangazi. Zimefungwa mojamoja, kama dazeni mbili. Na vichupa viwili vya maji meupe. Ndani ya chumba cha swala! Nililifunga, nikakaa chini kwenye zulia. Ndiyo maana anatoka kabla ya alfajiri.

Na hapo hapo wakaja watu, na Burhani akasimama kusoma tangazo la shehe wa Fordsburg anayewasaidia wanafunzi. Linasema mgonjwa asifunge, mwenye dawa asiache dawa kwa sababu ya mitihani au ya kuona haya, amwendee amiri amweleze kwa siri. Alisoma kwa sauti nzuri ile. Midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu. Mimi namtazama kupitia upenyo wa pazia, najisemea: wewe unayepokea siri za wenzako, ya kwako nani ameipokea?

Nampenda. Naandika hivi machozi yanaharibu karatasi. Bado ananifunika blanketi akidhani nimelala. Sitamwacha afe kama Sefu, eti kwa sababu naona haya kuuliza. Sefu tulimwuliza mara mia na kila mara alikana, na kila mara tulimwamini. Sitauliza. Nitaondoa.

Nakusubiri mpaka Ijumaa ya tarehe 1 Juni. Kama sijapata neno lako, siku hiyo yeye akiwa juu ya mimbari mimi nitalichukua lile kopo na kuvimwaga vyote chooni. Ateseke siku tatu, nitamshika mkono siku zote tatu.

Niombee.
Arafa


Tanga
30 Mei 2018

Arafa, Arafa, USIMWAGE.

Barua yako imefika leo Jumatano, adhuhuri. Ijumaa ni kesho kutwa. Najua karatasi hii haiwezi kukuwahi na bado naandika, kwa sababu mkono hautaki kukaa.

Ni dawa. Burhani ana kisukari, tangu ana miaka kumi na minne. Kile cha utotoni, kisichopona. Asipojidunga anakufa. Akijidunga bila kula, sukari inashuka na anaanguka. Ndiyo ile sukari niliyokuambia uweke.

Nilijua. Mama yake aliniambia wiki moja kabla ya posa, jikoni kwake. Nyumba mbili zilikuwa zimeshamkataa Burhani kwa ajili ya sindano. Akaleta msahafu, akasema, "Kama humtaki mwanangu, mkatae leo. Kama unamtakia mwari wako, apa kwamba hatalisikia kwako. Burhani atamwambia mwenyewe." Nikaapa. Nilikuona ulivyokuwa ukiitazama picha yake, nikaona mvulana mwenye adabu na elimu, nikaona miezi miwili haitapita atakuwa amekuambia. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kuwa jasiri kwa watu arobaini na mwoga kwa mmoja.

Nimempigia tangu adhuhuri. Simu imezimwa, bila shaka ni mitihani. Nimemwandikia ujumbe: "Arafa ameliona kopo. Anadhani ni unga. Mwambie leo." Haujasomwa.

Nimevunja kiapo. Hilo nitalibeba mimi. Barua naipeleka stendi sasa hivi, nikiwa na kanga ya jikoni.

Shangazi yako


Turffontein
9 Juni 2018

Shangazi,

Salamu kwa Bibi na kwa Baba.

Barua zako zote mbili zimenifikia wiki hii. Kwa hiyo ulijua.

Nitakueleza yaliyotokea, kisha nitanyamaza, kwa sababu nina hasira na sitaki kukukosea adabu.

Ijumaa nilikwenda. Burhani alikuwa ametoka kwenye mtihani moja kwa moja hadi mimbari. Nililichukua kopo, nikaliweka kwenye kapu chini ya vitambaa, nikapanda teksi mpaka nyumbani. Nikakaa nalo kitandani mpaka alasiri ndipo nikapata moyo wa kutoka. Mlango wa choo uko uani, na Mama Jeannine alikuwa anaosha vitana vyake pale bombani. Nilikuwa nimeshafungua kichupa cha kwanza. Akaniona.

"We! Unamwanga nini?"

Nikamwambia uchafu wa mume wangu. Akanipokonya, akakisogeza kwenye mwanga, akasoma. Rangi ikamtoka.

"Arafa, hii ni dawa ya sukari! Papa yangu alikuwa anajidunga hii miaka yote. Unataka kumwua bwana yako? Tena eko anafunga? Kimbia, mama! Kimbia! Na ukimkuta ameanguka, kitu tamu mudomoni, usingoje daktari!"

Nilikimbia, Shangazi. Teksi ya kwanza ilijaa. Ya pili ilikwama kwenye msongamano wa Ijumaa, na mimi kopo nimelipakata kama mtoto, nasoma kila dua niliyowahi kufundishwa na zote zimechanganyikana. Nilifika wanafunzi wameshafungua kwa tende na swala ya magharibi imeshaanza.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Ningeweza kupita mbele na kumwita. Niliona haya. Nikasema rakaa tatu tu, namaliza nao, kisha namwita pembeni. Nikaingia safu ya wanawake.

Rakaa ya pili tukasujudu. Sijida ya kwanza, tukainuka. Sijida ya pili, tukashuka.

Hakuinuka.

Unajua ilivyo. Imamu hajasema takbira, hakuna maamuma anayeinua kichwa. Watu arobaini tumelala na paji la uso kwenye zulia, kimya, tunasubiri. Mwanzoni unadhani anaomba dua ndefu, ni magharibi ya Ramadhani, ni Ijumaa. Nikasikia msichana wa kando yangu analia taratibu kwa unyenyekevu. Walidhani ni ucha Mungu! Mimi peke yangu katika chumba kile nilijua, na paji langu limegandamana na zulia, na ninaogopa kuvunja swala.

Madrasa walitufundisha kwamba imamu akikosea, mwanamume humkumbusha kwa kumtaja Mungu, na mwanamke kwa kupiga kofi, kiganja juu ya mgongo wa mkono. Sijawahi kuona mwanamke akifanya. Nilipiga. Sauti ndogo. Hakuna aliyesogea. Nikapiga tena kwa nguvu, nikapiga tena, kisha nikasimama nikalivuta pazia likang'oka pete mbili, nikapita juu ya migongo ya wanaume wa watu nikilia, "Burhani!"

Alikuwa bado kwenye sijida, ameinama upande kidogo, macho nusu wazi. Baridi, ameloa jasho.

Niliingiza kidole kwenye chupa ya ile sharubati nyekundu ya waridi wanayotia kwenye maziwa, nikampaka ndani ya mashavu, tena na tena. Msichana mmoja wa udaktari akamlaza ubavu, akanielekeza. Gari la wagonjwa lilichukua dakika ishirini na tano. Dakika ishirini na tano, Shangazi. Nilizeeka.

Hospitali alipopata fahamu aliniambia. Simu alikuwa ameizima mpaka mitihani iishe; ujumbe wako aliuona baada ya swala ya Ijumaa, akakimbilia kwenye friji, akakuta patupu, akadhani nimeshavimwaga. Asubuhi alikuwa amejidunga na kula daku kidogo, kama kila siku ya mfungo. Magharibi ilipofika hakuthubutu kula hata tende kwa kuwa sindano hana, akafungua kwa maji, akasimama kuswalisha. Nilimwuliza kwa nini hakuvunja mfungo, kwa nini hakumwambia mtu. Akasema, "Amiri asiyefunga, nani atasimama nyuma yake?"

Ametoka Jumatatu. Anashinda ameegemea ukuta. Jana amesema wiki ijayo ataendelea kufunga, ila atakuwa mwangalifu. Namtazama kifua kikipanda na kushuka, na kikichelewa kupanda mimi nashika shati lake.

Nyumba mbili zilimkataa. Mimi nisingemkataa. Hilo ndilo linaloniuma. Mngeniambia ningesema ndiyo, na ningekuja huku najua, na kijana wangu asingelala kwenye lile zulia.

Arafa, binti ya kaka yako


Tanga
20 Juni 2018

Mwanangu Arafa,

Idi imepita, mbarikiwe. Baba yako anauliza kwa nini husemi naye sana. Nimemwambia una baridi ya kifua.

Sina la kujitetea. Nimelisha maskini kumi kwa ajili ya kiapo nilichovunja. Mama yake Burhani alisikia, akaja. Nilidhani amekuja kunilaani. Akavua viatu, akashika mwiko, akapakua sahani zote kumi, halafu akakaa kwenye kizingiti akalia kama aliyefiwa. Akasema alidhani anamfichia aibu, kumbe anamfundisha kuificha. Tumekaa pale mpaka sufuria zikapoa.

Aliendelea kufunga? Niandikie neno moja tu. Ndiyo au hapana.

Shangazi yako


Turffontein
8 Julai 2018

Shangazi,

Shikamoo. Bibi mwambie nimeziona, kwenye simu ya Burhani, picha za jicho lake baada ya matibabu na amerudi kuwa msichana.

Hapana. Hakuendelea.

Mimi sikuweza kumshawishi, nisikudanganye. Nilibembeleza, nikalia, nikatishia kurudi Tanga, na mara moja nikamrushia kandambili. Shehe wa Fordsburg alikuja, akamsomea yote anayoyajua. Burhani aliitikia kwa adabu, "Ndiyo, shehe," na macho yake yanasema siku nyingine. Alikuwa amejiwekea nia ya kufunga Jumatatu.

Jumapili ile likaja kundi dogo la wanafunzi kumwona, na nyuma yao msichana anaitwa Nomvula, Mzulu, amesilimu mwaka jana, hana hata mtu mmoja kwao anayeswali. Alikaa karibu na mlango. Akizungumza anaficha mdomo kwa ushungi. Wenzake walipotoka yeye akabaki, akasema, "Amiri, nimekuja kukuomba radhi kwa kuwa dhaifu."

Burhani akamwuliza dhaifu kwa nini.

Akashusha ushungi. Ulimi umechanika, umevimba, ameuuma mwenyewe. Ana kifafa, Shangazi, na vidonge vyake ni vya asubuhi na adhuhuri. Alikuwa ameviacha tangu mwezi ulipoandama. Burhani akapiga kelele, "Lakini nilisoma tangazo! Nilisema njoo kwangu!"

Akajibu polepole, kwa shida ya ulimi: "Ulisoma. Nami nilikuwa nakutazama. Nilikuona unaumwa na unafunga. Nikasema, kumbe maneno yale ni ya Waislamu wanyonge, na wa kweli wanafanya kama amiri."

Sijawahi kumwona mwanamume akivunjika vile. Hakulia. Alinyanyuka, akaja kukaa sakafuni kando ya mlango alipokaa yeye, akasema, "Nisamehe wewe, dada yangu."

Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, baada ya swala, aliwazuia watu wasitoke. Akakaa mbele ya mihrabu, akapandisha shati, akajidunga tumboni watu wote wakiona, akatoa mkate na yai nililomfungia, akala. Nilisikia meno yake yakitafuna. Mmoja nyuma akanong'ona, "Amiri anakula," na mwingine akamwambia, "Nyamaza, mpumbavu." Alipomaliza akafuta midomo, akasema, "Nina kisukari. Niliwaficha ninyi na nikamficha mke wangu, na nusura niwaswalishe nikiwa maiti. Mwenye dawa anywe sasa." Nilikuwa nyuma ya pazia. Nomvula akafungua mkoba. Kisha msichana wa Kisomali ambaye wala sikujua ana nini. Kisha upande wa wanaume nikasikia chupa ya maji inafunguliwa, na nyingine.

Wawili watatu wameacha kuswali nyuma yake. Linamuuma, na hafichi kwamba linamuuma.

Shangazi, bado naogopa. Sukari ilishuka tena Jumanne, sokoni, na nilimshika kabla hajaanguka. Itashuka tena. Daktari amesema hivi ndivyo tutakavyoishi. Nilidhani hofu ikiingia ndani mapenzi yatahama, lakini sijawahi kumpenda mtu hivi. Namtazama akifunga kamba za viatu na sitaki amalize.

Wewe sijakusamehe yote. Nimejaribu, imefika karibu nusu. Endelea kuniandikia.

Nikate hapa, anarudi kutoka kuoga na ni saa ya chakula. Tangu wiki iliyopita ananifundisha kumdunga. Mara ya kwanza niliidondosha sindano, akacheka, akaniwekea mpya. Sasa amekaa kitandani, amepandisha shati, ananiita. Anasema Bismillahi kwa niaba yangu, kwa sababu mimi nikishika sindano sauti haitoki.

Arafa